Mtu wa Siku Thelathini

Shule niliiacha darasa la tano, na sioni haya kusema. Waliomaliza na vyeti vyao huniita boss wanapokuja kuomba kazi ya kufagia lojingi yangu hapa Busia. Malaba nina uwanja wa kuegesha malori, na ile barabara ya katikati naipita kila wiki kwa gari nililolinunua viti vyake vikiwa bado na nailoni. Nayasema haya mwanzoni ili anayesoma ajue kwamba nikimsema Mwandishi, simsemi kwa kijicho. Mtu aliyelala kwenye kitanda changu na kula jikoni kwangu miaka minne hana kitu cha kunitia kijicho.

Jina lake sitalitaja. Yeye mwenyewe alizoea kuwaandika watu bila majina, na wakajulikana kuliko kama angewataja. Nami nitamlipa kwa sarafu hiyohiyo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Gazeti moja la Nairobi lilimpa nusu ukurasa kila Jumamosi. Siasa hakuandika, mpira hakuandika, wizi wa ng'ombe hakuandika. Alijiandika yeye. Kila mwezi alichagua namna moja ya kuishi, akaishi hivyo siku thelathini, kisha akawaambia watu ilivyomfanya. Mwezi bila viatu. Mwezi bila sukari. Mwezi bila kujiangalia kwenye kioo, ambapo alijinyoa kwa kupapasa na akatembea Busia nzima na ndevu upande mmoja kama jogoo aliyenyonyolewa nusu. Mara ya kwanza aliponieleza, nilidhani ananitania.

"Yaani wanakulipa uache sukari?" nikamuuliza.

"Wananilipa niandike nilivyoacha, boss."

"Mimi niliacha sukari miaka kumi na mbili kwa sababu sikuwa nayo. Hakuna aliyenipigia simu."

Akacheka, akatoa daftari, akaandika nilichosema. Jumamosi iliyofuata nikakikuta gazetini. Kimesemwa na "mwenye lojingi mmoja wa mpakani." Nilinunua nakala sita.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ya korongo, na alikuwa na tabia ya kupiga pasi soksi. Kuku aliwaogopa. Mtu mzima, mwenye digrii, akiona kuku kwenye ngazi anangoja mtu aje amfukuze. Chai aliipuliza hata ikiwa imepoa. Akisoma alichoandika mwenyewe, machozi yalimlengalenga. Nilimwona mara mbili kwa macho yangu, amekaa pale mapokezi, anasoma mateso yake huku anajifuta kwa kitambaa.

Alikuwa na msemo wake, aliupenda kama mtu anavyopenda saa ya mkononi. "Kila kitu kinavumilika, boss, kikiwa na tarehe ya mwisho." Alimwambia mke wangu alipolalamikia mgongo. Aliwaambia madereva wa malori waliokuwa wamekaa foleni Malaba wiki mbili. Dereva mmoja Mganda akamjibu, "Ssebo, bwana wangu, na hiyo tarehe iko wapi? Nionyeshe nami niitazame." Mwandishi akaandika jibu hilo pia.

Sasa, mambo yake mengine yalichekesha na siwezi kuyaficha. Mwezi wa kunyamaza alitembea na kadi shingoni iliyosema haongei. Siku moja alipanda boda kwenda Butula. Kijana wa boda hakujua kusoma, akaona mtu anaonyesha barabara kwa kidole tu, akampeleka mpaka Bumala, akamteremsha sokoni, akadai chake, na Mwandishi hakuweza kubisha. Alirudi kwa miguu kutwa nzima. Angesema neno moja tu, "Butula," angefika. Hakulisema. Hapo ndipo nilipojua kwamba ana kichwa kigumu kuliko mimi, na mimi nimewahi kusukuma mzigo nikiwa na malaria.

Mwezi wa kusema kweli tupu ndio uliomvunja meno. Alimwambia mpishi wangu kwamba mandazi yake yana ladha ya sabuni. Sawa, yalikuwa nayo. Lakini akaenda kwenye matanga ya mzee mmoja fundi wa mbao, wakamwomba aseme machache kwa kuwa ni mtu wa gazeti. Akasimama mbele ya jeneza, akasema, "Marehemu aliniuzia kitanda chenye dudu, na alijua." Wapwa wa marehemu walimbeba mikono na miguu kama mbuzi wa sokoni. Jino la mbele lilibaki pale. Alipokuja kwangu akivuja damu nilimuuliza:

"Kwa nini hukukaa kimya tu?"

"Kunyamaza ulikuwa mwezi uliopita."

Na bado, siwezi kusema alikuwa mtu wa bure. Mwezi alioishi kwenye foleni ya malori Malaba, dereva mmoja kutoka Kongo alishikwa na tumbo. Wenzake waliogopa kuacha foleni. Mwandishi alimweka mgongoni, akampeleka zahanati, akakaa naye siku nane, akimfulia nguo zilizochafuka. Gazetini hakuna hata mstari. Nilipomuuliza akashangaa.

"Ile haikuwa sehemu ya jaribio," akasema.

Ndivyo alivyokuwa. Wema aliufanya nje ya kazi, na akausahau. Ubaya ndio aliouandika vizuri.

Nikifika kwenye habari ya kiti, lazima nianze na mimi.

Kabla ya lojingi, kabla ya malori, mimi nilikuwa msukumaji. Asiyejua mpaka wa Busia nitamweleza. Hapa kuna walemavu wanaofanya biashara ya kuvusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuendesha kwa mikono. Sisi tunaziita viti. Mwenye kiti anakaa juu, bidhaa zinapangwa chini ya makalio yake na nyuma ya mgongo, na msukumaji anasukuma kutoka nyuma. Mafuta ya kupikia, mchele, sabuni, chochote. Na kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: kiti hakipangi foleni na hakipekuliwi. Askari wa geti anakwambia "Pita, mama," unapita. Askari wazee waliwafundisha askari wapya. Wafanyabiashara walijua, kwa hiyo mzigo wa haraka walimpa mtu wa kiti. Huo upesi ndio uliokuwa shamba lao. Hawakuwa na lingine.

Desturi ya pili ilikuwa yetu wenyewe. Hakuna anayemuuliza mtu wa kiti miguu yake ilipatwa na nini. Ni matusi. Akitaka kukwambia atakwambia. Akija mgeni na kiti chake, unamwonyesha pa kukaa kwenye kivuli, unamtafutia msukumaji, basi.

Mimi nilimsukuma Mama Nekesa miaka tisa. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa watu wa viti, mama mwenye mabega ya mpiga makasia na mdomo wa kuogopwa. Mke wa askari hawezi kumfokea mumewe kama Mama Nekesa alivyowafokea askari. Ni yeye aliyenifundisha kuweka akiba, ni yeye aliyenitafutia kiwanja cha kwanza. Nilipoacha kusukuma alikuwa amepata kiti kipya, akanipa kile cha zamani. "Kiweke," akasema, "ukinenepa usisahau ulikotoka." Nikakiweka stoo, nyuma ya magodoro.

Mwandishi alikiona siku alipokuwa anatafuta ndoo.

Hakuniomba siku hiyo. Alikaa nacho kichwani wiki nzima, kisha akaja mapokezi, akaweka viwiko vyake mezani.

"Boss, nataka mwezi wa kiti."

"Wewe una miguu."

"Ndiyo maana. Msomaji wa Nairobi hajui maisha yale. Nikikaa siku thelathini, atajua."

"Muulize Mama Nekesa akueleze. Utamaliza kwa nusu saa."

"Kuelezwa na kuishi ni vitu viwili." Kisha akasema maneno yaliyonimaliza. "Na makala hii, nitaitaja lojingi kwa jina lake. Na wewe kwa jina lako. Jinsi ulivyotoka nyuma ya kiti hadi hapa."

Nitasema kweli, sina haja ya mwezi maalumu wa kuisema. Nilijiona tayari kwenye ukurasa. Niliwaona wale waliomaliza shule wakinisoma. Nikamfungulia stoo.

Tukakipaka kiti rangi mpya ya bluu ili Mama asikitambue. Mwandishi akafunga magoti yake kwa vitambaa chini ya blanketi, akafanya mazoezi ya kuiacha miguu ilegee. Nikamtafutia msukumaji, Barasa, kijana mwenye nguvu na mke mjamzito, nikamwambia kuna mgeni anahitaji mtu. Kisha nikampeleka kwenye kivuli cha watu wa viti, nikasema, "Huyu ni mtu wangu." Basi. Hakuna aliyeuliza kitu. Mama Nekesa alimtazama miguu mara moja, akaangalia pembeni kwa heshima. Nilijiambia sijamdanganya, kwa sababu hakuniuliza. Nilifurahi sana kwa ujanja huo.

Alikuwa hodari, shetani yule. Siku ya tatu viganja vilimchubuka. Mama Nekesa alichana kanga yake kipande, akamfunga, akamwonyesha jinsi ya kushika ili uzito uende begani.

"Inauma, mama," akasema Mwandishi.

"Mwaka wa kwanza ndio mbaya," Mama akamwambia. "Baadaye utazoea."

Alimgawia muhogo wake. Alimwonyesha askari gani ana roho nzuri na yupi wa kumpita akiwa anakunywa chai. Akamtafutia mizigo. Barasa alimbeba mgongoni kwenda chooni kila siku, akamngoja nje, akambeba kurudi. Siku thelathini. Mwandishi ana miguu mirefu, ilikuwa ikiburuzwa chini nyuma ya Barasa kama kamba. Jioni alikuja chumbani kwake, akajifungua vitambaa, akatembea huku na huku akinyoosha viungo, na mimi nilisikia hatua zake kwenye dari yangu. Nikawa naongeza sauti ya redio.

Siku ya thelathini ilikuwa siku ya soko. Saa sita mchana, watu wamejaa. Mpigapicha alikuwa ametoka Nairobi, amesimama upande wa Uganda na kamera. Kiti cha bluu kilifika katikati, pale ambapo si Kenya wala si Uganda. Mwandishi akaondoa blanketi, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti. Akasimama. Akaanza kutembea.

Kisha mwanamke mmoja mwenye karai la samaki akapiga yowe: "Yesu!" Karai likaanguka. Watu wakaanza kupiga vigelegele, wengine wakapiga magoti kwenye lami. Mama Nekesa alikuwa kwenye kiti chake, hatua kumi nyuma. Aliinua mikono miwili juu, akapiga makofi, akapiga makofi, anaimba, uso wake umelowa. "Bwana asifiwe! Mmemwona mtoto wangu? Anatembea!"

Mwandishi akageuka, akamwuliza mpigapicha kwa sauti tuliyoisikia wote, "Umeipata?"

Hapo watu wakaelewa. Unajua sauti ya soko zima likifunga mdomo.

Barasa alikuwa bado ameshika mpini wa kiti kitupu. Alitazama mgongo wa Mwandishi ukiondoka, kisha akatazama mgongo wake mwenyewe, kama mtu anayetafuta doa kwenye shati.

Kesho yake asubuhi watu wa viti walipofika getini hawakuambiwa "Pita." Askari waliokuwepo waliona kumbe mtu anaweza kukaa kitini siku thelathini na ni mzima, na wao wamechekwa na nchi mbili. "Wote shuka," wakasema. "Simama tuone." Mtu wa kiti anaambiwa asimame aonekane. Mama Nekesa aliwatukana wote mpaka babu zao, na haikusaidia. Wawili walimwinua, mmoja kwapani mmoja magotini, wakamweka kwenye saruji pembeni, mizigo yake ikatolewa mmoja mmoja. Alikaa pale chini, sketi imepanda, anajaribu kuivuta. Mimi nilikuwa dirishani. Nilishusha pazia.

Tangu siku hiyo viti vilipanga foleni na kupekuliwa kama malori. Wafanyabiashara hawakuwa na ubaya, wao wanataka upesi tu. Mizigo ikahamia kwa vijana wa boda wanaopita njia za panya. Kabla ya miezi mitatu kile kivuli kilikuwa na viti viwili, halafu hakikuwa na kitu. Mama Nekesa alirudi kwao Adungosi, kando ya barabara ya Malaba, kwa kaka yake.

Nami makala niliingoja Jumamosi. Ilijaza ukurasa mzima. Iliandikwa vizuri sana, sitasema uongo, hata mimi nilitaka parudiwe pale kwenye kipande cha kanga. Jina langu halikuwamo. Lojingi haikuwamo. Nilikuwa mstari mmoja: "mmiliki mmoja wa nyumba ya wageni, asiyesoma sana, aliyenisaidia kwa tamaa ya kuonekana gazetini." Nilimpa binti yangu anisomee, na alipofika hapo akanyamaza. Nikamwambia aendelee.

Kwa hiyo Barasa na wasukumaji wenzake walipokuja kumtafuta, sikuwazuia. Niliwaambia, "Yuko juu, amelala." Wakamshusha kwa shingo. Hawakumpiga. Walimkalisha kwenye kile kiti cha bluu, wakamfunga kwa kamba za kufungia magunia, miguu, kiuno, mikono, wakamsukuma. Kutwa nzima, chini ya jua la hapa, soko hadi geti, geti hadi soko.

"Sasa tunaandika siku ya thelathini na moja!" Barasa alipiga kelele. "Ile hukutuandikia!"

"Boss!" Mwandishi aliniita aliponiona kwenye roshani. "Boss, waambie! Nataka kwenda haja!"

"Mwambie Barasa akubebe," nikamjibu.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilicheka kuwashinda. Hakubebwa. Ilipofika saa tisa kiti kilikuwa kinachuruzika mkojo, na watoto wa shule walikuwa wanakifuata. Jioni wakamfungua, akaanguka, kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi kwelikweli. Hakuna aliyeinama kumwinua. Alijiburuza hadi kwenye ngazi zangu, na nikamwambia vitu vyake viko nje kwenye matope.

Wiki mbili baadaye aliyaandika hayo yote. Barua za wasomaji zilijaa, wakimwita shujaa.

Miaka sita ikapita. Nilisikia gazeti lilikata ile nusu ukurasa, na kwamba siku hizi anajiandikia kwenye simu, watu wanafuata huko. Sikumfuata. Barasa nilimpa kazi uwanja wa malori, ana watoto watatu, na hajawahi kutaja jina la Mwandishi mbele yangu wala mimi mbele yake.

Mwaka huu, asubuhi moja ya Jumatatu, nikiwa natia maji kwenye rejeta ya gari ili niende Malaba, mtu akasimama nyuma yangu.

"Boss."

Shingo ileile ya korongo, sasa ina mikunjo. Jino la mbele la bandia, jeupe kuliko mengine. Nilimwangalia nikiwa nimeshika dumu.

"Unataka chumba? Vimejaa."

"Nataka kufika kwa Mama Nekesa. Nimekuja kumwomba msamaha."

Nilitaka kumwagia yale maji. Lakini kuna kitu, sijui niseme nini, nilikuwa nimekisubiri pia, kwamba mtu mwingine aende kule kwanza. Nikafungua mlango wa gari.

Njiani alitoa daftari, akalifungua mapajani. Mimi si msomaji, lakini namba nazijua, namba ndizo zilizonijenga. Kulikuwa na orodha. Moja, jina, alama ya vema. Mbili, jina, alama ya vema. Hadi kumi na tatu. Kwenye kumi na nne palikuwa na jina la Mama na mbele yake patupu.

"Hii ni nini?"

"Mwezi wa kuomba msamaha," akasema, na hakuona haya hata kidogo. "Siku thelathini, watu thelathini niliowakosea. Ni mwezi mgumu kuliko yote, boss. Usiku silali."

Nikakanyaga mafuta.

Mama Nekesa tulimkuta barazani kwa kaka yake, amekaa kwenye mkeka, anabambua karanga za kuuza. Mabega yameisha. Alituona tukishuka, mikono ikasimama juu ya ungo. Mwandishi alipiga magoti kwenye mchanga, kuku wakiwa pande zote, na hakuwaangalia. Alisema vizuri. Alisema alitumia heshima ya watu kama ngazi. Alisema kipande cha kanga bado anacho, na nadhani ilikuwa kweli.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikungoja," akasema. "Watu walidhani nimeumizwa na kupekuliwa. Kupekuliwa ni nini? Mimi niliumizwa na yale makofi. Niliposhangilia, nilisema moyoni, kama Mungu amemwona huyu wa mwezi mmoja, mimi wa miaka hamsini nafuata. Nikaweka mikono kwenye magoti yangu. Nikangoja. Mbele ya watu wote, nilingoja." Akachukua karanga, akaibambua, akaitia kwenye ungo. "Nimekuwa mjinga mara moja tu maishani, na ni wewe uliyeniona. Lakini umekuja mwenyewe, umepiga magoti. Nimekusamehe, mwanangu."

Mwandishi akashusha pumzi ndefu. Na mkono wake, naapa, mkono wake ukaenda peke yake kwenye mfuko wenye daftari.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, muulize wewe ni wa ngapi."

"Wa ngapi nini?"

Mwandishi hakudanganya. Huo ndio ugonjwa wake. "Wa kumi na nne," akasema.

"Kati ya wangapi?"

"Thelathini."

Mama akaweka ungo pembeni. Kuku mmoja alidonoa kamba ya kiatu cha Mwandishi, naye akatulia kama jiwe.

"Msamaha nimeshautoa," Mama akasema mwishowe. "Siuchukui tena. Ni wako. Ila nakuomba kitu kimoja. Huu usiuandike. Uwe wangu na wako."

Mwandishi aliutoa mkono mfukoni. Nilimwona akitafuta pa kupenya. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mtu aliyetembea Bumala hadi Busia kwa ajili ya kutotamka neno moja, alikuwa anaombwa anyamaze mara moja tu, na mwenye kuomba ni yule.

"Hata bila jina, Mama?" akauliza.

Mama akacheka kwa pua. Nami nikacheka, kwa nguvu, nikapiga paja, nikaona leo nimemnasa mbele ya mwenye haki yake.

"Na wewe unacheka nini?"

Ananitazama mimi.

"Huyu ametoka Nairobi na daftari lake. Wewe mlio wa gari lako naujua. Jumatatu unaenda Malaba, Ijumaa unarudi Busia. Miaka sita. Hata mwendo hupunguzi. Kile kiti kilikuwa changu. Mlikipaka rangi mkadhani sitajua kiti nilichokalia miaka kumi? Nilikijua siku ya kwanza. Nikasema, kama kijana wangu amempa, basi ni mtu mwenye shida."

"Mama..."

"Nani alimpa?"

"Mimi."

"Haya. Umejua kusema." Akarudi kwenye karanga zake. "Mpeleke mgeni wako."

Nilisimama pale nikingoja aongeze kitu, hata tusi. Hakuinua macho tena. Nikarudi kwenye gari, nikaliwasha, na mlio wake ulikuwa mkubwa kuliko nilivyowahi kuusikia.

Tulikuwa tumeshashika lami. Mwandishi alikuwa ameinama, daftari juu ya goti, anaandika haraka, anafuta, anaandika. Akasimamisha kalamu.

"Boss," akasema bila kunitazama, "alisema Jumatatu na siku gani?"

"Ijumaa," nikamwambia.